Tembe za Barasa

Siku mliponiaga pale kantini nikistaafu, Caroline wa stoo alisimama akasema Mama Ayuma asiondoke na yote kichwani, ayaandike. Mkapiga makofi, mkanipa saa ya ukutani na blanketi. Saa inakimbia kama inadaiwa, lakini blanketi ni zuri. Sasa nimekaa hapa kwangu Kawangware na kalamu mkononi, na nawaonya mapema kwamba sitaandika nilivyopanda cheo wala nani alipandishwa kabla yangu. Hayo mnayajua, na mengine mmeyatia chumvi wenyewe. Nitaandika juu ya duka la dawa nililoanzia kazi, na juu ya mwaka ule tulipomtafuta mfamasia mwenye leseni tukachelewa kumpata. Si hadithi ya kufurahisha. Mkitaka kucheka muulizeni Caroline ile habari yangu na nyani wa Naivasha.

Nilianza mwaka wa pili baada ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka Maragoli kuja kukaa na kaka yangu Kawangware, na kila asubuhi nilitembea nikakata Barabara ya Ngong, nikapita nyuma ya uwanja wa maonyesho, nikaingia Kibera na viatu mkononi kama mvua ilikuwa imenyesha. Duka lilikuwa kwenye baraza ya nyumba ya Mzee Ramadhan, Mnubi aliyezaliwa pale pale, mahali njia inapoteremka kwenda mtaa wa Lindi, humo humo Kibera. Mzee Ramadhan hakujua lolote juu ya dawa. Alifungua duka, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu alichoka kwenda mjini kutafuta dawa ya macho na kurudi na vumbi zaidi machoni.

Mfamasia wake alikuwa Bi. Carvalho, Mgoa, mjane, mwembamba, mwenye miwani ya kamba. Mimi nilimwita Madam. Watu wa Lindi walimwita Daktari, na hakuna siku aliyoiacha ipite bila kuwasahihisha.

"Mimi hapana daktari," alikuwa akisema. "Daktari naandika. Mimi naangalia kama yeye naandika mzuri."

Siku yangu ya kwanza sikugusa dawa. Nilinusa chupa. Wakati ule dawa ya kikohozi tuliichanganya wenyewe kwenye jagi kubwa, na mteja alikuja na chupa yake kutoka nyumbani: ya soda, ya mafuta ya nywele, ya siki, na mara nyingi, Mungu atusamehe, ya mafuta ya taa. Kazi yangu ilikuwa kunusa kila chupa kabla haijajazwa. Yenye harufu ya taa ilirudishwa, na mwenyewe akaondoka akinitukana kwa Kiluo au kwa Kikamba, kulingana na alikotoka. Jioni nilifika nyumbani kichwa kinagonga na sikuweza kula, kwa sababu hata mboga ya shemeji yangu ilininukia taa.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache na Madam aliviheshimu kuliko watu. Kulikuwa na mizani ya shaba iliyofunikwa kitambaa, kinu cha kauri na mchi wake, na sinia la kuhesabia tembe lenye kijiko bapa cha kusukumia. Hukuruhusiwa kugusa tembe kwa kidole. Kwa wasiojua kusoma alichora kwenye bahasha: jua likichomoza, jua la utosini, mwezi. Mwezi wake ulifanana na ndizi, na yuko mzee mmoja wa mtaa wa Kambi Muru aliyekuja kuuliza kama ile dawa inaliwa na ndizi mbivu au ya kupika. Madam hakucheka. Alichukua bahasha nyingine akachora mwezi na nyota tatu pembeni.

Mlio wapya kwenye kazi mnadhani leseni ya mfamasia ni ile karatasi yenye muhuri inayotundikwa ukutani. Yetu ilitundikwa pia, kwenye fremu, juu ya kabati la kufuli. Lakini sheria haikutaka karatasi peke yake. Ilitaka mtu mwenyewe awe ndani ya duka, na dawa za kabati la kufuli zisitoke bila macho yake. Madam alikaa kwenye kiti kirefu akitazama mlango, na chai yake alinywea hapo hapo. Alipokwenda msalani alifunga kabati na kuondoka na ufunguo, hata kama foleni ilifika barabarani.

Alikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa miaka yote niliyokaa naye. Mtu akija na dawa ya kumeza kwa muda mrefu, hasa dawa ya kifua kikuu, Madam alimuuliza, "Nyumba yako nalala watu ngapi?" Wateja walichukia swali hilo. Lindi nzima ilikuwa ya vyumba vya kupanga, na mtu akikuuliza mnalala wangapi unadhani ametumwa na mwenye nyumba aongeze kodi. Kisha aliuliza la pili: "Na sufuria ngapi?" Mtu akijibu moja, Madam alitikisa kichwa. "Kama sufuria iko moja, dawa nakaa hapa."

Na kweli ilikaa. Alikuwa na droo ndefu chini ya kaunta, na ndani yake mikebe yenye majina. Hizo hazikuwa hata dawa tulizouza sisi. Za kifua watu walipewa bure hospitali ya serikali, za mwezi mmoja mmoja, na Madam aliwaambia wazilete kwake. Kila asubuhi kabla ya kwenda vibaruani walipita, nikawapa tembe na kikombe cha maji, wakameza mbele yetu. Hatukupata hata senti. Mzee Ramadhan alinung'unika kwamba duka lake limekuwa kilabu cha maji, lakini hakuwahi kutukataza. Mimi nilidhani Madam anaogopa panya na paa zinazovuja. Wakati mwingine nilidhani ni uchafu anaoogopa, maana alikuwa mtu wa kunawa mikono hadi ngozi inachubuka. Siku moja nilimuuliza kwa nini sufuria. Akasema, "Wewe nakuja kutoka nyumba gani, hapana jua?" Nikaona amenitukana, nikarudi kwenye chupa zangu.

Mmoja wa watu wa droo ile alikuwa Barasa. Alikuwa seremala wa vitanda, kijana wa Bungoma, mtoto wa kiume wa pekee wa mama mjane. Alikaa Lindi chumba kimoja na wanaume wenzake watano, wote wa kijiji kimoja, na mkubwa wao aliitwa Simiyu. Barasa alikuja kwetu mara ya kwanza akiwa amekonda na akikohoa damu kwenye leso, na Simiyu akiwa amemshika kiuno. Baada ya miezi michache ya sindano za hospitali na tembe za droo yetu, alikuwa anakuja mwenyewe na vumbi la mbao kwenye nywele, anasalimia kuanzia barabarani.

"Dada Ayuma, leta hiyo peremende yangu!"

Alimeza, akafungua mdomo na kutoa ulimi nione kwamba imekwenda. Madam, ambaye hakucheka na mtu, alimchekea Barasa. Hospitali walikuwa wamemwambia asikatize dawa mpaka mwaka na zaidi uishe, na akiikatiza ugonjwa utarudi ukiwa na nguvu. Alikuwa amefika katikati. Alituambia akimaliza atamleta mama yake aone Nairobi, amwonyeshe na sisi. Nilimpenda yule kijana kama ndugu, nasema wazi.

Asubuhi moja Madam aliinua mizani, na mkono wake wa kulia ukakataa. Mizani ikaanguka. Alitaka kuniambia kitu lakini mdomo ulikuwa umekwenda upande, na maneno yaliyotoka hayakuwa ya lugha yoyote. Mzee Ramadhan alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari la jirani. Hakufa, lakini hakurudi. Binti yake alikuja kutoka Ulaya akamchukua, na waliondoka bila mimi kumuona. Nililia nyuma ya duka nikiosha kinu kilichokuwa safi tayari.

Karatasi ya Madam ilibaki ukutani kwa muda. Kisha mkaguzi wa serikali akaja, mtu mpole mwenye koti la mvua. Aliisoma karatasi, akaangalia kiti kirefu kitupu, akauliza, "Huyu yuko wapi?" Mzee Ramadhan akaanza kueleza kuanzia mbali sana, kuanzia babu yake alipokuja na jeshi. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatupa muda wa kutafuta mfamasia mwingine. Muda ulipokwisha alirudi, akatia lakiri kwenye kabati la kufuli lisifunguliwe. Tulibakiwa na dawa ya kichwa, ya minyoo, sabuni na poda ya watoto. Alipoiona droo aliuliza ni nini. Nilimweleza. Akasema hata hizo haziwezi kubaki hapa bila mfamasia, kwa sababu ni dawa za daktari na mimi si mtu wa leseni.

"Warudishie wenyewe," akasema. "Ukipata mtu, zirudi siku hiyo hiyo."

Hakuwa mtu mbaya, na sheria ile haikuwa mbaya. Kama ningeachwa mimi nigawe dawa kwa kubahatisha, pengine ningeua watu wengi kuliko ugonjwa. Nilimrudishia kila mtu mkebe wake. Barasa alipokea wake kwa mikono miwili.

"Usijali dada. Mimi si mtoto. Nitameza."

"Kila siku, Barasa."

"Kila siku. Kwani nitasahau njia ya mdomo?"

Basi tukaanza kutafuta mfamasia. Mzee Ramadhan alikuwa na duka la kuangalia, kwa hiyo mtafutaji nikawa mimi. Nilivaa nguo yangu ya kanisani nikaenda mjini, duka moja hadi jingine, kwenye mitaa mikubwa yenye vioo. Wafamasia wenye leseni walikuwa wachache nchini siku hizo, na karibu wote walikuwa pale. Walinipokea kwa heshima mpaka nitaje Kibera. Mmoja aliniuliza kama kuna stima. Nikamwambia haijafika dukani, tunatumia taa. Akaniuliza dawa za kukaa kwenye barafu nitazitunza wapi, na hilo lilikuwa swali la haki. Mwingine alikuwa na ukarimu wa aina yake. Alisema yeye hawezi kuja, lakini karatasi yake inaweza. Tungeitundika ukutani na kumtumia chochote kila mwisho wa mwezi, na mkaguzi akija tuseme ametoka kidogo. Nilimpelekea Mzee Ramadhan habari hiyo kama ilivyo.

Mzee alikaa kwenye baraza akizungusha tasbihi. "Kwa hiyo Madam alikuwa karatasi tu?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee."

"Basi mimi nitakaa na karatasi nifanye nini? Wallahi, tafuta mtu."

Nilishukuru, ingawa moyo ulishuka, kwa sababu miezi ilikuwa inakwenda. Barasa nilikutana naye mara kwa mara njiani akiwa na mbao begani. Nilimuuliza dawa inaendaje. "Iko sawa, dada. Tunamalizia vizuri." Ile "tuna" niliisikia na haikuniambia kitu. Huku kwetu mtu husema tumelala, tumeamka, tumeugua mafua, hata akiwa peke yake. Baadaye sikumuona tena njiani, nikadhani amepata kazi upande wa Industrial Area.

Aliyetuokoa ni dereva wa gari la dawa za jumla. Aliendelea kutuletea sabuni na dawa ya minyoo, na kwa sababu alizunguka nchi nzima aliwajua wafamasia kama kondakta anavyojua vituo. Alisema kuna mmoja Londiani, kijana, duka analofanyia kazi linafungwa kwa sababu mwenye mali amefariki na watoto wanataka kuuza mahindi mahali pale. "Lakini ana kichwa ngumu," akaniambia. "Alikosana na wakubwa wake hospitali alikokuwa kwanza." Nilimwambia kwa hali yetu hata mwenye pembe tutamchukua.

Nilikwenda Londiani kwa basi. Ni mji mdogo wa baridi, reli, miti mirefu na matope mekundu. Nilimkuta Bwana Kiprono amevaa sweta mbili, anamhesabia bibi mmoja tembe kwenye sinia, na hakugusa hata moja kwa kidole. Nilisimama pale nikashikwa na machozi, akadhani nina mgonjwa. Nilimweleza yote: lakiri, kiti kitupu, taa, dawa za barafu. Nilitegemea aulize mshahara. Aliniuliza, "Hawa wa droo, sasa wanamezea wapi?"

"Nyumbani kwao."

"Umewaona?"

Nikamwambia wengine nimewaona. Akasema atakuja mara atakapokabidhi duka la watu. Hakuweza kuliacha hivi hivi, kwa sababu pale pia kulikuwa na kabati na watu. Nilirudi Nairobi nikiwa na furaha ambayo sasa nikiikumbuka naona uchungu.

Alikuja wakati mvua ndefu zinaanza, na masanduku ya vitabu na jiko la mkaa. Mkaguzi alikuja akavunja lakiri mwenyewe, akampa mkono. Mzee Ramadhan alichinja mbuzi. Kazi ya kwanza aliyonipa Bwana Kiprono, hata kabla ya kupanga kabati, ilikuwa kwenda kuwatafuta watu wa droo. "Waambie walete dawa zao leo," akasema. "Na waje wenyewe, nataka kuwaona."

Niliteremka Lindi mchana wa Jumapili nikijua wengi watakuwa nyumbani. Wawili nilikuta wamehama. Mama mmoja alikuwa ameziuza zake sokoni kwa mtu aliyemwambia zinanenepesha kuku. Nilikuwa na hasira nilipofika kwenye mlango wa akina Barasa, na nilikuwa nimetayarisha hotuba.

Simiyu alinifungulia. Wanaume wote walikuwa ndani, wamekaa kwenye vitanda alivyovitengeneza Barasa, na sufuria ya ugali katikati ya sakafu. Barasa alikuwa amelala upande wa ukuta. Sikumtambua mara moja. Mifupa ya uso ilikuwa imejitokeza, macho yamekuwa makubwa, na alipumua kwa mabega. Alinitambua yeye.

"Dada. Karibu ugali."

Nilipiga magoti nikamuuliza kama anameza dawa yake. Simiyu ndiye aliyenijibu, na alijibu kwa fahari.

"Dada, hapa dawa haijapotea hata moja. Tunagawana vizuri kabisa."

"Mnagawana nini?"

"Si ni hiyo dawa. Akitoka hospitali nayo, jioni tunakula, tukimaliza kila mtu anachukua yake. Hata huyu mdogo." Akamwonyesha kijana wa mwisho kwenye kitanda. "Sisi wote tunakohoa kohoa hapa, unajua hii baridi."

"Ya mwezi mzima?"

"Haifiki mwezi. Haimalizi hata wiki, lakini si tunangoja ile ingine."

Nilimgeukia Barasa. Mpaka leo nikifumba macho namuona alivyojikaza akae kitako anieleze, kama mtu anayeeleza mgeni mila ya nyumbani.

"Dada Ayuma, hawa ndio walinilipia nyumba nikiwa mgonjwa. Chakula yao ndio nilikula. Sasa nijifiche kwa kona nimeze peke yangu, wakiniangalia? Hapana. Mimi si mchoyo."

Wenzake wakaitikia kwa kichwa. Na mimi niliyekuwa na hotuba sikuweza kuitoa. Kwetu tulilala tisa na sufuria ilikuwa moja. Mtoto akipewa andazi anavunja kabla ya kuuma, asipovunja anachapwa. Hapo ndipo nilipomwelewa Madam, na hapo ndipo nilipojua kwamba lile tusi lake halikuwa tusi. Aliona dawa haiwezi kuwa ya mtu mmoja katika nyumba ambayo hakuna kitu cha mtu mmoja, kwa hiyo aliitoa nje ya nyumba. Hakumfundisha mtu wala hakumgombeza mtu. Aliuliza sufuria, akaweka kikombe cha maji kwenye kaunta.

Nilikimbia kumwita Bwana Kiprono, naye akashuka na viatu vyake vya Londiani kwenye yale matope. Alimshika Barasa mkono, akamsikiliza pumzi, akatuma watu wakatafute mkokoteni mpaka barabarani. Alikwenda naye hospitali mwenyewe na kueleza kila kitu kwa daktari. Wakamwekea dawa zote walizokuwa nazo. Lakini ugonjwa ulikuwa umeonja dawa kidogo kidogo kwa miezi mingi, ukazizoea. Nilikwenda kumuona kila jioni baada ya kazi. Siku moja aliniomba nimwonyeshe ulimi wangu, kwamba leo ni zamu yangu. Nikautoa, akacheka, kikohozi kikamshika. Hakumaliza mwezi.

Jeneza walimtengenezea mafundi wenzake kwa mbao za kutengenezea vitanda. Watu wa Bungoma walichanga, wakapata lori, na wale watano wakampeleka kwa mama yake. Sisi tulifungua duka kama kawaida. Wiki ile Bwana Kiprono alisimama mbele ya ile droo, akaifungua na kuifunga. Nilijua anahesabu siku alizokaa Londiani akikabidhi duka la marehemu. Mimi pia nilikuwa na hesabu zangu, za maduka ya vioo na nguo ya kanisani.

Simiyu alirudi peke yake, asubuhi, kabla hatujamaliza kufagia. Alivua kofia. Alikataa kiti.

"Dada, nina swali. Pale hospitali sista wa wodi aliniuliza dawa za Barasa zilienda wapi. Nikamwambia tuligawana. Akaniangalia tu, akanyamaza. Hata wewe siku ile ulinyamaza." Alimtazama Bwana Kiprono. "Sasa nyinyi ndio watu wa dawa. Nataka kujua kwa nini watu wananyamaza."

Niliomba moyoni Bwana Kiprono aseme uongo. Angeweza kusema ulikuwa mpango wa Mungu, kama mchungaji alivyosema. Alitoka nyuma ya kaunta, akasimama karibu na Simiyu.

"Ile dawa ilikuwa ya kutosha mtu mmoja," akasema taratibu. "Ikimezwa na mmoja, anapona. Mkigawana, haimponyi yeyote, na ugonjwa unajifunza kuishinda. Hamkujua. Hakuna aliyewaambia. Lakini umeniuliza, na siwezi kukudanganya."

Simiyu sasa alikaa. Aliweka kofia kwenye magoti, akawa anaivuta ukingo.

"Kwa hivyo ni sisi."

"Ni ugonjwa, Simiyu," nikamwambia.

"Lakini kama hatungekula."

Bwana Kiprono alimwambia wote watano lazima waende kupimwa, na kama wana ugonjwa watakuja kumezea hapa, kila mtu yake. Simiyu aliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeelekezwa njia huku akili yake iko kwingine. Kisha akaanza kuzungumza akitazama sakafu.

"Mama yake Barasa aliniuliza, mtoto wangu aliishi aje huko Nairobi. Mbele ya watu, pale kaburini. Nikamwambia, mama, huyu hatukumwacha hata siku moja. Kila kitu tulikula pamoja. Nikamwambia mpaka dawa yake tulikula pamoja, asione ako peke yake." Aligeuza kofia magotini. "Yule mama alilia. Akatushika mikono mmoja mmoja, akasema Mungu atubariki, tumekuwa mama yake huku. Tukitoka akatupatia kuku. Ndio kuku huyo mmoja tu alikuwa naye."

Mzee Ramadhan alikuwa amesimama mlangoni, na tasbihi ilikuwa imetulia mkononi mwake.

"Kuku yuko wapi?" nikauliza, kwa sababu ilibidi mtu aulize kitu.

"Ako kwa nyumba. Tumemfunga kwa mguu ya kitanda yake. Jana ametaga." Simiyu alivaa kofia, akaivua tena. "Hiyo yai iko pale, dada. Hakuna mtu anataka kuikula."